UZI: Kaka yangu amechoma dhahabu miaka 11. Ana presha, mikono inatetemeka, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa undani anafanya kazi gani

MdogoMtu_Buhongwa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Naandika kutoka Mwanza. Uzi ni mrefu kidogo, ila naomba mwenye ndugu anayechenjua dhahabu, fundi betri, anayepulizia dawa kwenye nyanya au pamba, au dada anayepaka krimu za kung'arisha ngozi, asiupite.

Kaka yangu mkubwa ana miaka 43. Alianzia Rwamgasa kule Geita, akatwanga mawe, akashinda kwenye karasha (mashine ya kusaga mawe), mwisho akatulia kwenye kuchoma. Kwa wasioijua kazi hiyo: unga wa mawe unapitishwa kwenye mwalo (ndiyo, jina lile lile la pale Kirumba wanaposhushia samaki). Ule mzito unaobaki unachanganywa na zebaki ndani ya beseni, kwa mikono mitupu. Zebaki inaikamata dhahabu. Mnaikamua kwenye kitambaa, kinabaki kidonge cheupe kinachong'aa kama bati jipya. Kidonge hicho ndicho kinachochomwa. Zebaki inapaa, inabaki dhahabu ya njano.

Kaka alikuwa anachomea juu ya kipande cha bati kwenye jiko la mkaa, jikoni kwa shemeji. Jiko lile lile la ugali. Mvua ikinyesha anafunga na mlango ili upepo usipulize. Siku moja nimekaa naye pale nikamuuliza mbona sisikii harufu yoyote. Akanijibu, "Ingekuwa mbaya ungeisikia." Nilimwamini. Mimi ndiye niliyesoma kuliko yeye, na nilimwamini.

Desemba iliyopita tulikuwa kwa mama Misungwi, tunakunywa chai. Nikasikia kikombe chake kinagonga kisosi, ti-ti-ti-ti, mfululizo, kama mtu anabisha hodi kwa ukucha. Akakiweka chini. Akauchukua mkono wake wa kulia akaukalia. Mama akadhani ni pombe, na kaka hajawahi kuonja pombe.

Jioni shemeji akanivuta pembeni. Akaniambia mumewe hana usingizi. Anamtuma mtoto sukari, mtoto akirudi nayo anamtuma tena sukari. Anafoka kwa jambo dogo kisha anajifungia analia. Fizi zinamvimba, na mdomoni anasema ni kama amelamba msumari. Majirani walishaanza kusema amerogwa kwa ajili ya mali.

Presha aliambiwa anayo miaka mitatu nyuma, na dawa anameza. Nilichukua daftari lake la kliniki nikalisoma lote. Presha, uzito, dawa, tarehe ya kurudi. Ukurasa wa kwanza kuna sehemu ya kazi, imeandikwa "Mfanyabiashara". Ndivyo alivyojibu siku ya kwanza, na ni kweli ananunua na kuuza dhahabu. Basi, hapo ndipo maswali yalipoishia.

Naendelea chini, msinijibu kwanza.

MdogoMtu_Buhongwa

Nilichojifunza tangu hapo, kwa kusoma na kwa kuwasumbua wanaojua.

Zebaki ni metali iliyo kimiminika. Ni nzito kwelikweli: chupa ya soda ya mililita 300 ukiijaza zebaki inapita kilo 4. Mtu akimeza tone lake, tumbo linalipitisha karibu lote likatoka. Ndiyo maana wazee wa mgodini wanasema haina neno, wamewahi kuona mtu akimeza na akaendelea na kazi. Shida ni mvuke. Hauna rangi wala harufu. Ukiuvuta, karibu asilimia 80 yake inabaki mwilini. Unapita kwenye mapafu, unaingia kwenye damu, unapenya hadi kwenye ubongo, na ukifika huko unabadilika kikemia kiasi kwamba kutoka ni shida. Kwa mjamzito unavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto.

Zebaki inapenda salfa, na protini nyingi za mwili wetu zina salfa. Inaing'ang'ania pale, na protini ile haifanyi tena kazi yake. Kwenye ubongo unapata mtetemeko, usahaulifu, hasira, aibu isiyo na sababu, kukosa usingizi. Haya yote yanajulikana kwa madaktari wa magonjwa ya kazini tangu zamani sana. Shemeji alinisomea orodha ile ile bila kuijua.

Upande wa moyo, mlango mkubwa ni figo, kwa sababu huko ndiko zebaki ya mvuke inakojilimbikiza zaidi. Figo ikiumia presha inapanda, na presha ikipanda inaiumiza figo zaidi. Halafu kuna mishipa yenyewe: ukuta wa ndani wa mshipa hutoa gesi ya nitriki oksaidi inayoulegeza mshipa ili damu ipite. Metali nzito zinavuruga kazi hiyo, mshipa unabaki umekaza.

Sasa nisieleweke vibaya. Sisemi presha ya kaka imeletwa na zebaki peke yake. Baba yetu alikuwa nayo, na kaka anapenda chumvi. Ninachosema ni kwamba miaka mitatu alikuwa anameza dawa asubuhi na kuvuta mvuke jioni, na aliyemwandikia dawa hakujua.

Mkongwe_wa_Nyarugusu

Mdogo wangu, pole na kaka. Ila tuwe wakweli. Mzee wangu amechoma tangu enzi hizo, sasa ana miaka 78, analima na anaendesha baiskeli. Mkishaandika hivi serikali inakuja kufunga mialo, vijana wanarudi kukaba watu mjini. Dhahabu bila zebaki mtatupa nini?

MdogoMtu_Buhongwa

Shikamoo mkuu, na mzee nimsalimie. Kuna mtu amevuta sigara hadi miaka 90, tunamjua sote, wala hatumwambii mtoto avute. Nimeuliza kuhusu mzee wa jirani yetu aliyechoma miaka mingi vilevile, na jibu lilikuwa kwamba alikuwa anachomea uwanjani, ameupa upepo mgongo. Kaka alikuwa anafunga mlango. Kipimo cha sumu ni kiasi gani umevuta na kwa muda gani.

Kufunga mialo sitaki. Mimi nimesomeshwa na dhahabu hiyo. Ninachotaka ni retoti. Ni chombo cha chuma kinachofungwa, kina bomba linaloingia kwenye maji. Unaweka kidonge ndani, unachoma kutokea nje, mvuke unapita kwenye bomba, unapoa, zebaki inadondoka kwenye maji ikiwa kimiminika na unaitumia tena. Sehemu kubwa ya zebaki inarudi mkononi mwako badala ya kwenda kifuani, na zebaki mnainunua kwa hela. Fundi wa kuchomelea anayejua kazi anaitengeneza, ila isivuje, maana inayovuja ni mbaya kama bati.

Tena dunia nzima, wachimbaji wadogo wa dhahabu ndio chanzo kikubwa kuliko vyote vya zebaki inayomwagwa hewani na binadamu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020, kwa hiyo kuchomea wazi na kuchomea kwenye makazi ni vitu tulivyoahidi kuviondoa.

Binti_Nansio

Minamata ni nini? Na je, sangara tuache? Mimi ni mjamzito wa miezi mitano, Ukerewe hapa bila samaki tunakula nini?

Muuguzi_Kanda

Hongera dada. Usiache samaki.

Minamata ni mji wa Japani. Kiwanda cha kemikali kilimwaga majitaka yenye zebaki kwenye ghuba, samaki na kome wakaibeba. Paka wa wavuvi ndio walioanza kuyumba na kurukaruka hadi wakafa, kisha watu. Ugonjwa ulitangazwa rasmi mwaka 1956. Watoto walizaliwa na ubongo ulioharibika huku mama zao wakionekana wazima. Ile ilikuwa zebaki ya aina nyingine, methili, inayopita kwenye chakula, na ndiyo tunayoiogopa ziwani: zebaki ikioshwa na mvua ikafika kwenye tope la ziwa, vijidudu vya humo vinaigeuza kuwa methili, wadogo wanaila, wakubwa wanawala wadogo.

Ila samaki wa Ziwa Victoria wameshapimwa na watafiti, na wengi wamekutwa chini ya viwango vya tahadhari. Wanaokaribia au kuvuka ni sangara wakubwa sana, wale walioishi miaka mingi wakila wenzao. Dagaa anaishi muda mfupi na yuko chini kabisa kwenye mlo wa ziwa, hana nafasi ya kulimbikiza. Kula dagaa, kula sato, kula sangara mdogo. Mtoto wako anayahitaji mafuta ya samaki hao kwa ajili ya ubongo wake. Umekaa Nansio, mbali na mialo ya dhahabu, kwa hiyo mimi ningekuuliza kwanza unapaka nini usoni.

Binti_Nansio

Kuna krimu nilikuwa naichanganyia saluni. Haina lebo.

Muuguzi_Kanda

Acha leo. Mkorogo mwingi na baadhi ya sabuni za kung'arisha vina zebaki, kwa sababu inazuia ngozi kutengeneza rangi yake. Inapita kwenye ngozi na inavukiza chumbani, hata anayelala nawe anaivuta. Nimeshaona kina dada wanavimba miguu na uso, mkojo una povu, presha juu, ukiuliza kila kitu hupati sababu hadi uulize kuhusu krimu. Kliniki ya wajawazito waambie, na uende na kopo lenyewe.

FundiBetri_Igoma

Wakuu, mimi kazi yangu ni betri za magari na za sola, mwaka wa 20 huu. Vichwa vya betri vikiliwa tunayeyusha risasi (ile metali, siyo ya bunduki) kwenye sufuria kwenye moto wa mkaa tunamwaga vipya. Tumbo linaniuma bila mpango, naishiwa nguvu, presha waliniambia mwaka jana. Kinga yetu ni maziwa. Kila siku nusu lita, tuliambiwa na waliotufundisha yanatoa sumu. Je, ni kweli?

Muuguzi_Kanda

Kaka, hili la maziwa nimelikuta kwa mafundi rangi, kwa mafundi betri, kwa wachimbaji, kila mahali. Maziwa hayaondoi kitu ulichokivuta. Kilichovutwa kimeshaingia kwenye damu, maziwa yako tumboni. Palipo na ukweli ni hapa: mwili unaidhania risasi kuwa kalsiamu, zinagombania mlango mmoja. Mtu mwenye kalsiamu na madini ya chuma ya kutosha anafyonza risasi kidogo zaidi kwenye utumbo. Kwa hiyo maziwa kunywa, ni chakula kizuri, lakini yasikupe moyo wa kuinamia sufuria.

Na kwa sababu mwili unaidhani ni kalsiamu, unaihifadhi kwenye mifupa. Kwa mtu mzima zaidi ya asilimia 90 ya risasi aliyonayo iko mifupani, na inakaa huko miaka na miaka. Inarudi kwenye damu taratibu, na inarudi zaidi wakati wa ujauzito, uzeeni, au ukivunjika ukalazwa muda mrefu. Mtu ameacha kazi akiwa na 35, anapata presha ngumu akiwa na 60, nani atakumbuka betri?

Watu wanadhani risasi ni habari ya akili za watoto tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo zaidi ya milioni 1.5 duniani kwa mwaka 2021 vilitokana na risasi, na vingi vyake ni vya moyo na mishipa. Watu wazima hao. Wameandikiwa kiharusi, wameandikiwa moyo.

Sasa swali langu kwako: nguo za kazi unavulia wapi?

FundiBetri_Igoma

Nyumbani. Wa mwisho ana miaka mitatu, nikifika ananirukia kabla sijakaa.

Muuguzi_Kanda

Huyo mpeleke kabla yako. Mtoto anafyonza hadi nusu ya risasi anayoimeza, mtu mzima kama sehemu moja ya kumi. Anashika nguo yako, anaweka kidole mdomoni. Hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Kuanzia kesho vua nguo kazini, oga au walau nawa hadi viwiko na uso kwa sabuni, nguo zifuliwe peke yake. Banda usifagie kikavu, mwagia maji kwanza.

Wachimbaji nanyi mlisome hili: mwaka 2010 huko Zamfara, Nigeria, walikufa watoto zaidi ya 400 kwa risasi. Haikuwa betri. Mawe ya dhahabu ya kule yana risasi ndani, na watu walikuwa wanayasagia nyumbani, vumbi likajaa uani ambako watoto wanachezea.

Mkulima_Magu

Nafuatilia. Mimi na marehemu baba tumepulizia pamba miaka yote, bomba mgongoni, likivuja linavujia shati. Ukimaliza kichwa kinagonga, mate yanajaa, macho yanaona ukungu, unalala, asubuhi umeamka mzima. Baba alikufa na kisukari na kutetemeka. Kwenye ukoo wetu kisukari hakipo. Kuna uhusiano?

MdogoMtu_Buhongwa

Pole sana mkuu kwa mzee. Kuhusu yeye mwenyewe hakuna anayeweza kukuhakikishia sasa. Ila swali lako limeulizwa na watu wenye uwezo wa kulifuatilia, na nimelisoma sana kwa sababu lilinigusa.

Wamarekani walipopigana Vietnam walinyunyizia misitu dawa ya kuua majani iliyoitwa Agent Orange, iliyokuwa na uchafu wa sumu iitwayo dayoksini ndani yake. Askari wakarudi nyumbani. Miaka ikapita, wakazeeka, wakaanza kuugua. Serikali yao ikabidi iamue magonjwa gani itayalipia fidia bila kumlazimisha askari athibitishe. Kisukari cha aina ya pili kikaingia kwenye orodha mwaka 2001. Mwaka 2010 ikaongezwa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, pamoja na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mwaka 2022 ikaongezwa presha. Angalia hapo: ubongo, moyo, sukari, kwa watu wale wale na sumu ile ile. Na walisubiri karibu miaka 50 presha yao itambuliwe.

Dawa za pamba ni kemikali nyingine, nisikudanganye. Zile za mate kujaa na macho kuona ukungu ni jamii ya oganofosfeti. Kuna kimeng'enya kinachozima ujumbe kati ya neva na neva, au neva na msuli, ujumbe ukishafika. Dawa hizo zinakikamata, ujumbe hauzimiki, ndiyo maana mdudu anakufa akitetemeka. Wewe una kimeng'enya hicho hicho. Ile "asubuhi umeamka mzima" ilikuwa sumu ya kweli iliyokupata kwa kiasi kidogo, ukarudia msimu baada ya msimu. Ukipulizia tena usiende dhidi ya upepo, bomba linalovuja lipeleke kwa fundi kabla, na mate yakianza kujaa ni hospitali siku hiyo hiyo, kopo la dawa mkononi ili wajue ni nini.

Dada_Kirumba

Kwa hiyo mtu aende wapi akapimwe? Maana ukisema "nataka kupima zebaki" zahanati wanakutazama tu.

Muuguzi_Kanda

Ni kweli, zahanati hawana kipimo hicho. Anza na sentensi moja kwa daktari: "Nimefanya kazi hii, kwa miaka hii, mara ya mwisho lini." Akishaandika hilo, anaweza kukupa rufaa na sampuli ikapelekwa kwenye maabara yenye mashine. Risasi inapimwa kwenye damu. Zebaki ya mvuke inapimwa kwenye mkojo, ile ya samaki kwenye damu au nywele. Zebaki ya kwenye mkojo inapungua kwa nusu kila baada ya kama miezi miwili ukiacha kazi. Kwa hiyo aliyeacha miaka mitatu nyuma anaweza kukutwa mkojo safi huku madhara yamebaki, na daktari asiyeambiwa historia atasema huna kitu. Presha, sukari na figo vinapimwa hata hospitali ya wilaya, hivyo visisubiri.

Na wale wanaouza chupa za "kusafisha sumu mwilini" stendi, msiwape hela. Dawa za kutoa metali zipo, zinatolewa hospitali, zina madhara yake, na hazisaidii kitu kama mtu anarudi kwenye moshi ule ule.

Mkongwe_wa_Nyarugusu

Nimesoma yote. Hiyo retoti, bomba liwe la urefu gani, na mkia wake uzame kwenye maji kiasi gani?

MdogoMtu_Buhongwa

Mkuu, asante kwa kurudi. Hapo nimwachie mtaalamu asije mtu akaumia kwa maneno yangu. Bomba likizama sana kwenye maji na moto ukapungua, maji yanaweza kuvutwa ndani ya chuma cha moto na kulipuka. Ofisi ya madini ya mkoa wako waombe wakuelekeze, na fundi akishatengeneza ijaribiwe nje, mahali pa wazi, mbali na watoto.

MdogoMtu_Buhongwa

Narudi na taarifa, wiki tatu baadaye.

Nilikwenda na kaka hospitali nyingine, nikaingia naye ndani. Daktari ni dada mdogo tu, amemaliza chuo juzijuzi. Akamuuliza, "Kazi?" Kaka akasema mfanyabiashara. Nikamgusa kiwiko. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Nachoma dhahabu." Yule dada akaweka kalamu chini. Akamwambia anyooshe mikono yote miwili mbele, vidole vimetanuliwa, akachukua karatasi akailaza juu ya vidole. Karatasi ikawa inacheza kama jani. Kisha akampa kalamu achore duara linalojizungusha kutoka katikati kwenda nje. Mistari ilitoka na meno, kama msumeno.

Sampuli ya mkojo imepelekwa, majibu bado. Protini imeonekana kwenye mkojo, kwa hiyo dawa ya presha wamembadilishia, wamempa inayolinda na figo. Kuchoma ameacha tangu siku ile. Wa kuchoma kwa niaba yake amempata, na nimewaambia wote wawili kwamba wanahitaji retoti.

Jiko la shemeji tumelitoa, na udongo wa juu pale jikoni tumeuloanisha tukauchota tukafukia mbali na kisima. Jumatatu shemeji anakwenda hospitali na watoto wote watatu. Daktari ameshaandika kwenye daftari la kila mmoja, kabla hata hawajafika: "Ameishi jikoni pa kuchomea dhahabu."